Mpiga Buruji Asiyejua Kupiga

Tulimwacha pabaya kijana wetu, msomaji. Tulimwacha peke yake katikati ya uwanja wa gwaride, buruji imegandamana na midomo yake, kikosi kizima kimesimama wima, na Jenerali mgeni amekwisha kuinua mkono kupiga saluti, anasubiri mlio wa kupandisha bendera.

Na Shavu, tangu azaliwe, hajawahi kutoa hata sauti moja kwenye buruji.

Kama wiki iliyopita jirani aliliazima gazeti lako na hakulirudisha, usijali. Mambo yalikwenda hivi. Siku ya kwanza ya jeshi la lazima, makuruta wapya walipewa majembe wachimbe mashimo ya vyoo. Shavu ni mtoto wa fundi magodoro, kijana aliyekulia kwenye kazi ya kujaza pamba na kushona. Viganja vilikuwa vimeshaanza kutoka malengelenge pale Sajini aliposimama ukingoni mwa shimo na kuuliza, "Nani hapa anajua kupiga ala ya muziki?"

Mkono wa Shavu ukanyooka wenyewe. Haukumwuliza mwenyewe.

Basi akatiwa kwenye bendi ya kambi, akapewa tarumbeta, na tangu hapo amekuwa akijaza hewa mashavuni mpaka macho yanamtoka, bila kuiachia hewa hiyo iende popote. Wenzake walipiga, yeye akavimba. Ndiyo maana wakamwita Shavu. Mambo yakamnyookea hadi asubuhi ya ugeni, pale mpiga buruji halisi wa kambi, koplo mmoja mpenda soda, alipogugumia chupa iliyokuwa na nyuki ndani. Mdomo ukafura kama mpira. Kanali, mkuu wa kambi, akaitazama bendi haraka haraka, akaona mashavu yaliyokomaa kuliko yote, akanyoosha kidole. "Wewe." Mwalimu wa bendi alifungua kinywa aseme neno, lakini Kanali alikuwa ameshageuka.

Haya. Twende naye.

Shavu akapuliza.

Haikutoka sauti. Ilitoka pumzi tupu, fffff, kama tairi la baiskeli lililokutana na mwiba.

Jenerali hakushusha mkono. Kanali akakohoa. Kwenye safu ya mbele Msumari, mpiga ngoma mwembamba anayelala kitanda cha chini ya Shavu, alifumba macho ili asiishuhudie aibu ya rafiki yake.

Shavu akapuliza tena. Safari hii kilitoka kilio cha mbuzi aliyekanyagwa mguu. Bendera, iliyokuwa imeanza kupanda, ikasita.

Shavu akapiga moyo konde. Akavuta hewa yote aliyoweza kuivuta, akabana midomo kwa woga, akasukuma.

"Pe!"

Alishtuka mwenyewe. Kumbe inalia!

"Pe! Pe!"

Laiti angeishia kwenye mbuzi. Kila kuruta hufundishwa, kabla hata hajafundishwa kufunga kamba za buti, kwamba wimbo mrefu wa vilima ni bendera, mlio wa kurukaruka ni chakula, na milio mifupi mitatu ni hatari. Adui yuko getini. Kila mtu kwenye handaki!

Uwanja ukalipuka.

Watu mia kadhaa waligeuka kwa pamoja na kutimua mbio kila mmoja upande wake. Wapishi walitoka jikoni wamejivika sufuria vichwani. Karani akaruka dirishani ingawa mlango ulikuwa wazi. Daktari wa kambi alimbeba mgonjwa mgongoni. Kufika katikati ya njia, mgonjwa akateremka, akampita mbio. Kanali, mtu mzima mwenye tumbo na nishani, alipiga mbizi chini ya jukwaa akapotea mzima mzima.

Vumbi lilipotulia walibaki watu wawili tu. Jenerali, mkono bado uko kwenye paji la uso. Na Shavu, ambaye angekimbia kuliko wote kama miguu yake isingekufa ganzi.

Wakatazamana.

"Kijana," akasema Jenerali taratibu. "Wenzako wote wamekimbilia mahandaki. Wewe mbona umebaki?"

Ulimi wa Shavu ukajibu kabla hajaupa ruhusa, kama ule mkono wa siku ya kwanza.

"Afande, mpiga buruji naye akikimbia, nani atawaita wenzake warudi?"

Jenerali akashusha mkono. Akamtazama juu hadi chini. Kisha, polepole, uso wake uliokuwa mkavu kama ngozi ya ngoma ukaanza kukunjuka.

"Kanali!" akaita. "Uko wapi?"

"Hapa, afande," sauti ikatoka chini ya mbao.

Kanali akatambaa nje na utando wa buibui masikioni. Alimtupia Shavu jicho moja, na kwenye jicho hilo Shavu aliona mahabusu, aliona shimo, aliona mwisho wa maisha yake. Kisha Kanali akamgeukia mgeni na tabasamu la meno yote.

"Zoezi la kushtukiza, afande. Tulitaka ujionee mwenyewe."

"Nimejionea!" Jenerali akampiga bega, vumbi likapaa. "Nimetembelea kambi nyingi. Kote wananiambia wako tayari, wananionyesha buti zilizong'arishwa. Hapa ndipo nilipoona watu wanakimbia kama wanakimbia kweli. Na kijana huyu! Umesikia alivyonijibu?"

"Nimesikia, afande. Nilikuwa hapa chini."

"Basi, kijana." Jenerali akafunga mikono nyuma ya mgongo. "Waite warudi."

Mnaona mambo hayo? Mtu anajichimbia shimo la kwanza kwa mkono, la pili analichimba kwa ulimi.

Mlio wa kurudi si pe pe pe. Ni wimbo hasa, una kona na vilima. Shavu alinyanyua buruji, akajaza mashavu kwa mazoea, akafumba macho, akasubiri maisha yake yaishe.

Buruji ikalia.

Ikalia wimbo wote, laini, safi, bila kukwama. Shavu akafumbua jicho moja. Hakuwa anapuliza. Sauti ilikuwa inatoka nyuma ya jukwaa, kutoka ardhini, na juu ya ukingo wa handaki lililokuwa pale ilionekana ncha ya kofia anayoifahamu. Mwalimu wa bendi! Yule mzee wa masharubu ya mvi, aliyekaribia kustaafu, ambaye buruji yake ya zamani haimtoki kiunoni.

Furaha ilimjaa Shavu mpaka akasahau kazi yake. Akaitoa buruji mdomoni ili amshukuru Mungu.

Wimbo ukaendelea.

Jenerali akaitazama buruji iliyokuwa inaning'inia mkononi mwa Shavu. Akausikiliza wimbo. Akaitazama tena buruji.

"Hiyo ni nini?"

"Mwangwi, afande."

"Mwangwi."

"Kambi yetu inasifika sana kwa mwangwi, afande," Kanali akadakia, jasho likimtoka.

Wimbo ukafika mwisho kwa madaha, ukanyamaza. Makuruta wakaanza kuchomoza mahandakini mmoja mmoja kama fuko. Jenerali alitikisa kichwa kwa mshangao wa mtu aliyeona maajabu.

"Siku ya wazazi nitarudi," akasema. "Nitakuja na mke wangu. Nataka kijana huyu huyu apige mlio wa bendera, peke yake, mbele ya wazazi wote. Na huo mwangwi, mke wangu lazima ausikie."

Akaingia garini, akaenda zake. Shavu akaketi chini pale pale, kwenye vumbi.

Alinyanyuliwa kwa ukosi wa shati. Mkono uliomnyanyua ulikuwa wa Kengele. Huyu ndiye Sajini yule wa mashimo, mtu mwenye sauti ambayo akinong'ona bwenini, walinzi wa getini wanasimama wima. Alimburuta Shavu hadi nyuma ya jiko.

"Mimi nimezaliwa milimani, kijana. Nimekua milimani. Mwangwi naujua kama ninavyomjua mama yangu." Akamsogelea mpaka pua zikakaribiana. "Mwangwi hurudia ulichosema. Wa kwako unamalizia ulichoanza!"

"Afande, labda upepo..."

"Kelele! Hujui kupiga. Hukuwahi kujua. Nimekosa mchimbaji miezi yote hii kwa sababu ya mashavu yako." Kengele akavuta pumzi. "Siku ya wazazi nitakuwa macho. Ukishindwa, nitamwambia Jenerali mwenyewe nani alikuwa handakini. Kumdanganya Jenerali mbele ya bendera ni mahabusu. Na mzee wako wa bendi atafukuzwa kazi akiwa mlangoni mwa kustaafu. Umenielewa?"

Shavu alielewa. Mahabusu angeweza kuivumilia. Tangu aingie jeshini hakuwa ameona tofauti kubwa kati ya mahabusu na bweni. Lakini mzee wa watu? Alimsaidia bila kuombwa, akiwa amekaa kwenye tope.

Alimkuta mwalimu wa bendi kwenye stoo ya mablanketi, anafuta buruji yake kwa kitambaa.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Kaa juu ya mablanketi, sakafu ina unyevu."

"Mwalimu, mimi nina neno la kukiri. Mimi kupiga..."

"Hujui."

Shavu akatoa macho. "Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Tarumbeta ikipigwa, mwanangu, inalowana ndani. Ukiiinamisha inadondosha maji. Yako ni kavu kama kikombe cha kabatini." Mzee akacheka kidogo, masharubu yakatikisika. "Lakini bendi yenye tarumbeta pungufu inavunjwa. Ndiyo amri. Wavulana wangu wangepewa majembe, na mimi ningepewa ufunguo wa stoo hii. Nilikuwa nahitaji mtu mmoja tu wa kusimama mahali pake. Na wewe, kusema kweli, unasimama vizuri sana."

Shavu hakujua acheke au alie. Akamweleza vitisho vya Kengele, neno kwa neno. Mzee alisikiliza, akakunja kitambaa, akakitia mfukoni.

"Basi itabidi ujue," akasema. "Nionyeshe midomo. Hapana, usivimbe! Umevimba vya kutosha. Buruji haitaki hewa nyingi, inataka midomo ikaze na itetemeke. Fanya kama unatema uzi ulionata kwenye ncha ya ulimi."

"Uzi?"

"Uzi. Ule wa kushonea."

Shavu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Maisha yake yote amekata uzi kwa meno na kutema vipande, kutoka asubuhi hadi jioni, pembeni ya baba yake. Kwenye kutema uzi hakuna wa kumfundisha. Akaweka buruji mdomoni, akatema.

Sauti moja ikatoka. Moja tu, ya mviringo, iliyotulia, ikajaa stoo nzima na kuyapita mablanketi yote yaliyopangwa hadi darini. Haikuwa mbuzi wala pe. Shavu alihisi meno yake, mifupa ya uso wake, hata kifua chake kinaimba. Ilipokatika alibaki ameduwaa.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe," mzee akajibu. "Rudia."

Kuanzia hapo, kila baada ya chakula cha mchana, wengine wakijinyoosha vitandani, Shavu alikuwa stoo. Usidhani kila sauti ilikuwa kama ile ya kwanza, msomaji. Nyingi zilikuwa za kutisha. Mbwa wa walinzi walihamia upande wa pili wa kambi. Midomo yake ilichubuka ikapona ikachubuka. Msumari alijitolea kukaa mlangoni, na kila aliyepita na kuuliza kuna nini humo ndani alimjibu kwa huzuni kwamba ni mbuzi wa Kanali, anaumwa.

Mchana mmoja kivuli kikamwangukia Msumari alipokuwa anasinzia.

"Nani analia humo?"

"Mbuzi wa Kanali, ana..." Msumari akainua macho. Akasimama wima hivi kwamba kofia ilimruka. "Afande!"

Kanali alisikiliza. Ndani, buruji ilipanda kilima cha kwanza, ikakwama kwenye cha pili, ikaanguka kwa mayowe.

Kanali akatazama huku na huku. Nikukumbushe kwamba yeye naye alikuwa amemwambia Jenerali habari za mwangwi, kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mwambie daktari wa mbuzi," akasema kwa sauti ya chini, "namtaka apone kabla ya siku ya wazazi." Akaenda zake haraka.

Wiki zikakimbia. Shavu aliufahamu mlio wa bendera mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale juu kabisa, kwenye kilima cha mwisho, ambapo sauti ilimkatika mara nyingi kuliko ilivyomkubali. "Ikikatika usisimame," mwalimu alimwambia. "Watu husamehe sauti iliyokatika. Anayesimama hawamsamehe."

Siku ya wazazi ikafika.

Asubuhi geti likafunguliwa, familia zikamiminika. Shavu alimwona mama yake kutoka mbali. Huwezi kukosa kumwona mama yake, anavyopunga mikono yote miwili. Nyuma alikuja shangazi, dada wa baba, mwanamke mrefu aliyesimama kama afisa kuliko maafisa wote wa kambi ile. Nyuma kabisa alikuja baba, mtu wa maneno haba, amekumbatia chupa ya chai.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu! Umekonda! Mtaa mzima wanakusalimu, nimewaambia wewe ndiye unayeliamsha jeshi!" Mama alimkumbatia, akamwachia, akaingia bwenini bila kukaribishwa, akabonyeza godoro la kwanza aliloliona. "Hili ni nini? Baba wee, njoo uone! Mtoto wako analazwa juu ya biskuti!"

Shangazi alimshika Shavu kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Midomo imefanya nini hii? Nani huyo anayekubusu, tofali?"

"Ni mazoezi, shangazi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya buruji."

"Ahaa," akasema shangazi, lakini jicho lake halikuamini.

Baba alimpa mkono. "Tumekuja," akasema. Kwa baba hiyo ilikuwa hotuba.

Shavu akawaacha, akaenda mbio kumtafuta mwalimu wa bendi. Hakuwemo stoo. Hakuwemo uwanjani. Alimkuta Kengele tu, amesimama nyuma ya jukwaa, mikono kiunoni, ameridhika kama mtu aliyetoka kula. Pale palipokuwa na handaki palikuwa na udongo mpya uliosawazishwa, na juu yake chungu kikubwa cha maua.

"Unamtafuta mzee?" Kengele akauliza. "Nimemtuma mjini na lori, afuate viti vya wageni. Vichache vilipungua." Akapigapiga chungu cha maua. "Leo mwangwi nimeupa likizo."

Shavu akageuka kutazama barabarani. Lakini hakukuwa na nafasi ya kumsubiri mzee. Jenerali alikuwa ameshaketi, na mke wake pembeni, mama mnene mchangamfu aliyekuwa ameshaweka mkono sikioni ili ausikie mwangwi. Kanali alikuwa anapangusa shingo kwa leso. Nyuma ya kamba walikaa wazazi, na mama yake Shavu alikuwa anamwonyesha kila aliye karibu, hata wale waliokwisha kuonyeshwa.

"Kikosi! Wima!"

Shavu akapiga hatua mbele. Akanyanyua buruji. Akawaza uzi. Akawaza benchi la baba yake, sindano ndefu, pamba ikielea kwenye mwanga wa dirisha. Akatema.

Sauti ikatoka.

Ilitoka ya mviringo, iliyotulia, na bendera ikaanza kupanda. Kilima cha kwanza. Cha pili. Mke wa Jenerali alishusha mkono sikioni taratibu, akauweka kifuani. Shavu hakuona mtu. Alikuwa anapanda tu, na kilima cha mwisho kilikuwa kinamsogelea kama ukuta.

Akakifikia. Sauti ikakatika.

Kengele akapiga hatua moja kuelekea kwa Jenerali.

Shavu hakusimama. Alilamba midomo, akarudi chini kidogo, akakipanda kilima upya, na safari hii sauti ilifika juu, ikakaa pale, ikang'ang'ania, mpaka bendera ikagota kileleni na kamba ikafungwa. Hapo ndipo akaiacha ishuke.

"Huyo ni wangu!" mama akapiga kelele. "Huyo nimemzaa mimi!"

Watu wakapiga makofi. Jenerali akasimama. Mkewe alikuwa anafuta macho. Kanali alikumbatia kitu cha karibu, nacho kilikuwa mlingoti wa bendera. Kengele aliangalia nyuma ya jukwaa. Akainama, akaangalia chini ya jukwaa. Akainua chungu cha maua, akaangalia chini yake. Kisha akakirudisha, akanyooka, akapiga saluti. Baadaye aliapa kwamba ilikuwa ya bendera.

Lori likaingia getini na viti vyake. Hata halijasimama vizuri, mwalimu wa bendi alikuwa amekwisha kuruka, anakuja mbio, masharubu yanapepea.

"Nimesikia!" akaita. "Nimesikia kutoka barabarani! Imekukatika, na hukusimama! Hukusimama, mwanangu!"

Akamkumbatia Shavu hadi buti zikaacha ardhi. Shavu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile tangu avae magwanda.

"Mwalimu, njoo uwaone wazee wangu. Mama, baba, shangazi, huyu ndiye aliye..."

Mkoba wa shangazi ukaanguka chini.

"Wewe," akasema shangazi.

Mwalimu wa bendi akakauka. Rangi ilimtoka usoni, ikabaki mvi ya masharubu tu.

"Wewe," shangazi akarudia, safari hii kwa sauti iliyonyamazisha wazazi wa safu tatu.

"Mama, kuna nini?" Shavu akanong'ona.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Ndiye yule," akajibu kupitia vidole. "Bwana harusi wa wifi. Kabla hujazaliwa. Wageni wameketi, bibi harusi amevishwa, tunasubiri, tunasubiri. Hakutokea. Hakutuma hata salamu. Tulidhani kafa."

Shavu akamtazama mwalimu wake. Akamtazama shangazi yake, ambaye maisha yote amemjua bila mume na bila kicheko. Alikuwa amesimama kati yao, na hakukuwa na mlio aliofundishwa wa jambo kama hilo.

Shangazi akainama, akavua kiatu kimoja.

"Mama," Kanali akaingilia kwa heshima zote, "hapa ni uwanja wa jeshi."

"Vizuri," shangazi akajibu bila kumwangalia. "Maana nimekuja na vita."

Mwalimu wa bendi hakurudi nyuma. Alivua kofia, akainamisha kichwa chenye upara, kama anayempimia mahali pa kupiga.

"Nipige," akasema. "Nimestahili miaka yote hii. Lakini kwanza muulize kaka yako. Muulize alikuja kuniambia nini asubuhi ile."

Mkono wa shangazi ukaganda hewani na kiatu chake.

Wote wakageuka. Mama akageuka, Shavu akageuka, Kanali akageuka, hata Jenerali na mkewe waliokuwa wamesogea ili wasikie vizuri wakageuka.

Chupa ya chai ilikuwa imewekwa chini kwenye nyasi, imesimamishwa vizuri ili isimwagike. Na baba yake Shavu, mtu ambaye hata mvua haijawahi kumharakisha, alikuwa ameshavuka nusu ya uwanja, anakata hatua ndefu kuelekea barabarani.

"Fungeni geti!" akaamuru shangazi.

Na Sajini Kengele mwenyewe, bila kuuliza amri hiyo imetoka kwa nani, akakimbia kulifunga.